Je, Wajua? Askari Hufa Asubuhi, Jioni Akapanga Foleni ya Chakula

Aliyepita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) hahitaji kuelezwa mafunzo ya kijeshi yakoje. Ni mchakamchaka wa alfajiri, ni mguu pande mguu sawa mpaka jua limefika utosini, ni afande anayelijua kosa lako kabla hajalijua jina lako. Hayo yapo na yataendelea kuwapo. Lakini kando ya uwanja wa kwata, kwa zaidi ya miaka 200 sasa, imekuwa ikijengwa shule ya namna nyingine: ya dadu, ya mivukuto, ya leza, ya michezo ya kompyuta, na siku hizi ya akili mnemba. Vifaa hubadilika kila kizazi. Kazi ni ileile, kumpatia askari mahali pa kukosea bila kuzikwa.

Je, wajua kwamba rubani wa ndege ya kivita ya F-35 huirusha peke yake tangu siku ya kwanza? Ndege za kufundishia tulizozizoea huwa na viti viwili: cha mwanafunzi na cha mwalimu, ambaye mkono wake uko tayari kunyakua usukani mambo yakiharibika. F-35 haina kiti cha pili, na haijatengenezwa hata moja yenye nacho. Kwa hiyo mwanafunzi huzimaliza safari zake za mwanzo akiwa chumbani, ndani ya mashine ya kuigiza iliyozungukwa na skrini. Humo anaanguka, anatunguliwa, anatua kwa pua. Mwalimu anabonyeza kitufe, wanaanza upya. Siku anapopanda ndege yenyewe, ambayo bei yake ni takriban dola milioni 80, hakuna wa kumshika mkono. Ni sawa na mtu kufundishwa kuogelea sebuleni, kisha akapelekwa moja kwa moja kwenye mkondo wa bahari wa Nungwi, Zanzibar. Na wanaogelea.

Ukiona skrini hizo za leo usidhani wazo ni jipya. Mojawapo ya mashine za mwanzo kabisa za kufundishia urubani ilikuwa pipa. Mnamo mwaka 1910 hivi, kampuni ya Antoinette ya Ufaransa ililikata pipa katikati, ikapandisha nusu moja juu ya nyingine, ikamkalisha mwanafunzi juu yake na kumpa magurudumu mawili ya kuongozea. Wenzake wakawa wanalisukuma huku na huku kwa mikono, naye akihangaika kulisawazisha. Umeme haukuhitajika, jasho la wasukumaji lilitosha.

Je, wajua kwamba maelfu ya marubani wa Vita Kuu ya Pili walifundishwa na fundi vinanda? Edwin Link alikulia Binghamton, jimbo la New York, katika kiwanda cha baba yake cha piano na vinanda vikubwa vya kumbi za sinema. Alitaka kujifunza kuruka, lakini ada ya masomo ilikuwa kali. Akachukua kile alichokuwa nacho: mivukuto ya kinanda, ile inayovuta na kusukuma hewa ili mirija iimbe, akaitia chini ya kiboksi chenye mabawa mafupi. Ukivuta usukani, mivukuto inajaa upande mmoja na kuishiwa upande wa pili, kiboksi kinainama na kugeuka kama ndege. Alianza kukiunda mwaka 1927, na hataza yake ikatolewa 1931.

Jeshi halikujali. Wateja wa kwanza waliokichangamkia walikuwa wenye viwanja vya burudani, ambako watoto walipanda wakacheka na kushuka. Kisha ukafika mwaka 1934, serikali ya Marekani ikawapa marubani wa jeshi kazi ya kusafirisha barua kwa ndege. Walikuwa vijana hodari wa kuruka mchana wa jua. Usiku na katika ukungu, ambako rubani lazima aamini mishale ya vifaa kuliko macho yake, hawakufundishwa vya kutosha. Katika majuma machache wakafa zaidi ya kumi. Ndipo Link alipoitwa. Siku ya kukutana na maofisa huko Newark ilitanda ukungu mzito, nao wakaamua kwamba hatafika. Mara wakasikia mngurumo juu ya vichwa vyao, Link akashuka kutoka kwenye wingu na kutua. Jeshi likanunua mashine sita, kila moja dola 3,500. Hadi vita vilipokwisha zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya 10,000, na marubani wapatao nusu milioni walikuwa wamekaa ndani yake. Hivi ndivyo chombo cha watoto kuchezea kilivyogeuka kuwa chuo, na tutaona huko mbele kwamba njia hiyo imefuatwa tena na tena.

Tukirudi nyuma zaidi tunakuta meza. Mwaka 1812 Baron von Reisswitz wa Prussia alimpelekea Mfalme Friedrich Wilhelm III meza yenye droo, na juu yake vipande vya kupangwa vilivyochongwa milima, mito na vijiji. Mwanawe, aliyekuwa ofisa wa jeshi, aliuboresha mchezo huo mwaka 1824 kwa kuleta ramani halisi, dadu na mwamuzi. Dadu ilikuwa kwa ajili ya bahati, maana vitani bahati haikosi. Lakini kwa maoni yangu uvumbuzi mkubwa ni mwamuzi. Katika bao wote wawili wanaziona kete zote. Katika mchezo wa Reisswitz kila upande unaona kile tu ambacho askari wake wangekiona, na mwamuzi peke yake ndiye anayejua yote. Mtu anajifunza kuamua akiwa nusu kipofu. Mkumbuke huyo mwamuzi, tutamhitaji.

Je, wajua kwamba mbinu zilizowatesa manahodha wa nyambizi za Hitler zilichorwa sakafuni kwa chaki, na wasichana ambao wengi wao walikuwa hawajawahi kwenda vitani? Kisa hiki nakipenda kuliko vyote. Januari 1942 Uingereza ilikuwa inakabwa koo baharini. Chakula na mafuta vilivuka Atlantiki kwa misafara ya meli, na nyambizi za Wajerumani zilikuwa zinazizamisha moja baada ya nyingine. Huko Liverpool, katika jengo la Derby House, akapelekwa Kapteni Gilbert Roberts, ofisa aliyekuwa ameondolewa jeshini kwa kifua kikuu. Akapewa chumba, na wasaidizi kutoka kikosi cha wanawake cha jeshi la majini. Wakaichora sakafu miraba, sakafu ikawa bahari. Vipande vidogo vya mbao vikawa meli.

Maofisa waliokuja kusoma waliwekwa nyuma ya mapazia ya turubai yenye vitundu, wachungulie kidogo tu, kama vile nahodha anavyoona kidogo usiku wa mvua. Njia za manowari zilichorwa kwa chaki nyeupe. Njia za nyambizi zilichorwa kwa kijani, kwa sababu rangi hiyo juu ya sakafu ile haikuonekana na mtu anayechungulia kutoka pembeni. Ujanja mdogo, lakini ndio uliobeba shule nzima.

Kwa kuyarudia sakafuni mashambulizi yaliyokwisha kutokea, Roberts na wenzake waligundua jambo ambalo wakubwa hawakuliamini. Nyambizi haikuwa inarusha topido kutoka mbali nje ya msafara. Ilikuwa inajipenyeza ndani yake usiku ikielea juu ya maji, ikitokea nyuma ambako walinzi hawatazami, inapiga, inazama, inasubiri meli zipite juu yake. Basi wakatunga zoezi la manowari kugeuka na kuisaka nyuma ya msafara. Mmoja wa wasichana hao, Jean Laidlaw, akalipa jina la tunda, Raspberry, ambalo katika mzaha wa Kiingereza ni ile sauti ya midomo ya kumzomea mtu. Anayezomewa hapa alikuwa Hitler.

Inasimuliwa kwamba Admirali Max Horton, aliyekabidhiwa Novemba 1942 kamandi ya kulinda misafara hiyo, naye mwenyewe mtu wa nyambizi tangu Vita Kuu ya Kwanza, alitaka kuujaribu mchezo. Akashika upande wa nyambizi. Akafungwa mara tano mfululizo. Akakasirika, akadai anafanyiwa hila, akataka kumwona huyo aliyekuwa anaongoza manowari upande wa pili. Akaletewa Janet Okell, msichana wa miaka kama 20. Maofisa wapatao 5,000 walipita katika chumba kile kabla vita havijaisha. Fikiri ni wangapi walizama sakafuni, wakacheka kwa aibu, kisha hawakuzama baharini.

Je, wajua kwamba jangwani California kuna bunduki ya kufufua wafu? Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, vikosi vya Marekani huenda Fort Irwin, katika jangwa la Mojave, kupigana na kikosi kinachokaa hapohapo na ambacho kazi yake ni kuwa adui. Bunduki hupigwa risasi za mazoezi zisizo na kichwa. Mlipuko unaamsha leza iliyofungwa kwenye mtutu, na leza ikigusa vipokezi vilivyofungwa kwenye mikanda uliyovaa, kinalia king'ora. Umekufa. Vua kofia, kaa chini, ona haya. Waamuzi nao wana bunduki yao ambayo ikikulenga king'ora kinanyamaza na wewe unarudi vitani. Askari wameibandika jina la bunduki ya Mungu. Wakati wa vita vya Iraq palijengwa humo hata vijiji vya kuigiza, kimojawapo kikiitwa Medina Wasl, vikiwa na waigizaji wazungumzao Kiarabu walioajiriwa kuwa wauza duka, wazee wa mtaa na wajane. Wenyeji wa huko husema adui wa Fort Irwin ni mgumu kushinda adui wa kweli, kwa kuwa kila mwezi analetewa mgeni asiyelijua jangwa lake.

Mazoezi ya namna hiyo yaliingia pia kwenye kompyuta. Mwaka 1983 shirika la utafiti la Wizara ya Ulinzi ya Marekani, DARPA, lilianza kuunganisha mashine za kuigiza vifaru kwa mtandao ili wafanyakazi wa vifaru vingi wapigane pamoja wakiwa mbalimbali. Wazo lilikuwa la ofisa wa jeshi la anga, Jack Thorpe. Matunda yake yalionekana vizuri baada ya tarehe 26 Februari 1991, vifaru vya Marekani vilipokutana na vya Iraq katika dhoruba ya mchanga, mahali pasipo hata jina; mapigano hayo huitwa kwa mstari wa ramani tu, 73 Easting. Kikosi cha Kapteni H. R. McMaster kilimaliza kazi kwa dakika 23. Wataalamu wakaenda jangwani kupima alama za minyororo mchangani na kuwahoji askari mmoja mmoja, kisha wakaijenga upya vita nzima ndani ya kompyuta, hata mwanafunzi akaweza kuingia na kuuliza: ingekuwaje kama Wairaki wangekuwa na vifaa vya kuonea usiku?

Haya ya michezo ya video tuyapite haraka, ingawa vijana watataka tukae. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 jeshi la Marekani liliiomba kampuni ya Atari iugeuze mchezo wake wa vifaru, Battlezone, uwe wa kufundishia. Aliyeuandika, Ed Rotberg, hakuipenda kazi hiyo. Mwaka 1996 askari wa Marine wa Marekani waliuchukua mchezo wa Doom II, wakatoa mazimwi, wakaweka askari, wakafundisha watu wanne kusonga kwa pamoja. Tarehe 4 Julai 2002 jeshi likatoa mchezo wake lenyewe, America's Army, bure kwa kila mwenye kompyuta, hasa kwa ajili ya kuvuta vijana wajiandikishe; seva zake zilizimwa 2022. Na kuna wanaokwenda kinyume: katika miaka ya karibuni wachezaji wa mchezo wa vita wa War Thunder, wakibishana nani ajuaye zaidi kuhusu kifaru fulani, wamefikia kuanika hadharani nyaraka za siri za jeshi. Ubishi wa kijiweni haujui siri ya serikali.

Je, wajua kwamba katika nyambizi ya USS Colorado, iliyoanza kazi Machi 2018, mlingoti wa kamera za kutazamia juu ya maji huongozwa kwa kidhibiti cha Xbox? Kile cha zamani kilikuwa kizito na kiligharimu dola zipatazo 38,000. Cha Xbox kilinunuliwa dukani kwa dola zisizofika 30, na baharia kijana hahitaji kufundishwa, vidole vyake vilikwishasoma nyumbani.

Sasa mwamuzi. Mwaka 2002 Marekani iliendesha zoezi kubwa liitwalo Millennium Challenge. Lilishirikisha watu 13,500, wengine uwanjani na wengine kwenye kompyuta, likagharimu dola milioni 250. Upande wa adui, nchi ya kubuni ya Ghuba, uliongozwa na jenerali mstaafu Paul Van Riper. Upande wa pili ulikuwa na kila mtambo wa kunasa mawasiliano. Van Riper hakuwapa mawasiliano ya kunasa. Alituma watarishi kwa pikipiki, akaficha amri zake katika matangazo ya minarani wakati wa adhana, kisha akazituma boti ndogo na makombora kwa wingi na kwa mkupuo mmoja. Manowari 16 zikazama. Kama ingekuwa kweli, wangekufa watu kwa maelfu.

Waendeshaji wakafanya nini? Wakaziibua manowari zote, wakaanza upya, safari hii wakimwamuru adui awashe rada zake zionekane na asiyaguse baadhi ya majeshi yanayomjia. Van Riper akaachia ngazi. Waliotetea uamuzi huo walisema watu na vifaa vilikuwa vimeshalipiwa, zoezi lisingeweza kukomea siku za mwanzo. Hoja inasikika, lakini siikubali. Kapteni Roberts na sakafu yake ya chaki alimwacha admirali afungwe mara tano. Hawa wenye dola milioni 250 walishindwa kumwacha mkubwa afungwe mara moja. Teknolojia ghali kuliko zote haifundishi kitu pale ambapo mwamuzi anaogopa cheo.

Pengine ndiyo maana wengi wanaitumainia akili mnemba, isiyojua cheo cha mtu. Agosti 2020 programu iliyotengenezwa na kampuni ya Heron Systems ilipambana na rubani mzoefu wa F-16 katika mapigano ya anga ya kompyuta, ikamfunga tano kwa bila. Ilijifunza kwa njia ileile ya wanafunzi wa mashine ya Link: kuanguka, na kuanguka tena, mara zisizohesabika. Mwishoni mwa 2022 programu za namna hiyo zikaanza kurusha ndege halisi, X-62A, huko Edwards, California, na mwaka 2023 ndege hiyo ikakabiliana angani na F-16 yenye mtu. Mei 2024 waziri wa jeshi la anga wa Marekani, Frank Kendall, alipanda humo akaketi, programu ikairusha. Swali lililobaki kwa walimu wa marubani si kama mashine itakuwa mpinzani mzuri wa mazoezi. Ni kama mwanafunzi atajifunza kupigana na watu, au na mashine tu.

Si kila kipya hufaulu. Mwaka 2021 Microsoft ilipata mkataba ambao ungeweza kufikia dola bilioni 21.88 wa kuwapatia askari wa Marekani miwani inayochanganya mazingira halisi na picha za kompyuta, ya kupigania na ya kufanyia mazoezi. Waliojaribu walirudi na kichwa kinachouma, macho yaliyochoka na kichefuchefu. Mwaka 2025 kazi ikahamishiwa kampuni ya Anduril. Afande wa kwata angewaambia bure kwamba askari anayetapika hapigani.

Upande wa pili wa dunia hakuna muda wa miaka ya majaribio. Ukraine, iliyounda mwaka 2024 tawi zima la jeshi la vyombo visivyo na watu, huwakalisha kwanza wanafunzi wake wa droni mbele ya programu za kuigiza, baadhi zikiwa zilezile ambazo vijana wa mashindano ya droni huzinunua mtandaoni. Droni yenyewe ni ya dola mia kadhaa, lakini muda wa mwalimu haununuliki. Vikosi vya huko hujipatia pointi kwa mapigo yaliyothibitishwa kwa video, na pointi hizo hubadilishwa kwa vifaa katika soko la mtandaoni la serikali. Mchezo uliokuwa unaiga vita sasa unaigwa na vita. Hapo mimi nywele zinanisimama.

Je, wajua kwamba mashine hizohizo hutumika kumtoa askari vitani baada ya vita kumganda kichwani? Mwanasaikolojia Skip Rizzo wa Chuo Kikuu cha Southern California, akianzia kwenye mchezo wa mafunzo ya jeshi, alitengeneza mandhari ya Iraq ya kuvaliwa machoni. Mgonjwa anarudishwa polepole barabarani alikolipuliwa, akiwa na mtaalamu pembeni, mpaka hofu ilegee. Mashine hiyo hutoa hata harufu: dizeli, baruti, takataka zinazoungua.

Na tusiondoke bila kufika Morogoro. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO, lililohamia hapo mwaka 2000 kwa ushirikiano na Jeshi la Wananchi wa Tanzania, huwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Darasa huanza na kibonyezo kinacholia kwa sauti kali, na kipande cha ndizi. Panya akipatia harufu ya baruti, kibonyezo kinalia, ndizi inakuja. Akikosea, hakuna ndizi, na anajaribu tena. Aliyehitimu huchukua nusu saa kupekua eneo la ukubwa wa kiwanja cha tenisi, ambalo mtu mwenye kifaa cha kutafutia chuma anaweza kulimaliza kwa siku nne. Wengine sasa hufungiwa kijimkoba mgongoni chenye kamera na kipaza sauti, wakifundishwa kutafuta watu chini ya majengo yaliyoporomoka.

Mhitimu wao mmoja, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alipelekwa Cambodia na kugundua zaidi ya mabomu 100. Mwaka 2020 alipewa medali ya dhahabu ya shirika la Uingereza la PDSA, panya wa kwanza kuipata. Alikuwa na uzito wa kilo 1.2. Bomu la ardhini halilipuki kwa uzito huo.